Mzigo Juu ya Pikipiki: Kuchagua Mifuko ya Safari za Njia Mbovu

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Umoja wa Wanafunzi wa Zamani)



Katibu aliniomba niseme machache juu ya jambo ninalolifahamu kwa kazi. Mimi ni afisa mifugo, na kwa miaka mingi nimezunguka vijijini kwa pikipiki. Wengi wenu vijana mtakuwa walimu, waganga, mabwana shamba na mabibi afya. Siku moja mtakabidhiwa pikipiki, helmeti na orodha ya vijiji. Kuendesha mtafundishwa; kufunga mzigo, ni mara chache. Nami nasema kwamba mzigo uliofungwa vibaya humwangusha hata dereva hodari.

Kwanza, uzito. Hapa tukumbuke somo la wenzo. Chukueni pikipiki ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 130. Mkiweka kilo 10 juu ya keria, sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inakuwa egemeo. Pigeni hesabu: gurudumu la mbele limepunguziwa kilo 3 hivi, na la nyuma limebebeshwa 13. Kwenye lami hamtahisi sana. Kwenye mchanga, au kwenye udongo mweusi wa mbuga za Wembere wakati wa mvua, gurudumu la mbele lililo jepesi halishiki njia. Usukani unayumba, na pikipiki inakwenda inakotaka yenyewe. Kwa hiyo spana, pampu, tyubu ya akiba na maji vikae chini, karibu na dereva. Nguo ndizo zikae nyuma na juu.

Pili, sanduku au mfuko? Masanduku ya alumini yanapendeza, yanafungwa kwa ufunguo, tena yanazuia mvua. Lakini masanduku mawili pamoja na vyuma vyake huweza kufika kilo 15 kabla ya kutiwa kitu. Zaidi ya hayo, kwenye matope dereva hushusha miguu ili kujisukuma. Pikipiki ikisonga mbele, sanduku huukuta mguu kwa nyuma. Mwenzetu mmoja kazini alivunjika mguu kwa namna hiyo, naye alikuwa akienda mwendo wa mtu atembeaye. Mfuko laini nao hugonga, lakini hujikunja.

Mwaka 1982 Mjerumani Hartmut Ortlieb alianzisha kiwanda cha mifuko ya baiskeli isiyopitisha maji, wazo alilolipata kwa kuangalia maturubai ya malori. Mdomo wa mfuko hukunjwa mara kadhaa, kisha hufungwa kwa bizimu. Mifuko mingi ya pikipiki ya leo hufuata njia hiyo. Ya kigeni ni ghali, lakini turubai la malori lipo katika miji yetu, na mafundi wa kulishona wapo. Mjue tu kwamba turubai lililoshonwa hupitisha maji kwenye matundu ya sindano; nyaraka ziviringishwe kwanza katika nailoni nzito. Lita 20 kila upande zinatosha kwa safari ya siku tatu. Mfuko mkubwa huita mzigo mkubwa.

Tatu, ufungaji. Mfuko ulio upande wa bomba la moshi uwekewe kinga ya bati, au sivyo utaungua. Tumieni mikanda yenye bizimu, si mipira yenye ndoano: mpira hunyumbuka kila shimo, na ndoano ikifyatuka inaweza kumpofua mtu jicho. Ncha za mikanda zichomekwe vizuri zisije zikaingia katika mnyororo. Baada ya kilomita 10 za kwanza simameni, mkaze tena, kwa maana kila mzigo hujipanga upya njiani. Mgongoni msibebe chuma. Ukianguka chali, spana hiyo ndiyo itakayoupokea uti wa mgongo.

Kitu kimoja hakifai mfuko laini: chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi, na chupa zake ni za kioo. Kasha lake gumu lenye barafu likae kwenye keria, lisogezwe mbele mpaka liguse kiti, lifungwe kwa mikanda miwili, na chini yake pawekwe kipande cha godoro. Likifika limevunjika, mfugaji aliyekusanya ng'ombe wake tangu alfajiri hatawaamini tena.

Sasa neno kwa wenzangu tulioko maofisini. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunaidhinisha ununuzi wa pikipiki, tunapiga picha siku ya kuzikabidhi, kisha tunamwachia kijana atafute vipande vya tyubu vya kufungia chanjo. Mifuko, mikanda na kinga ya bati viingizwe katika makisio pamoja na pikipiki yenyewe. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na mguu wa mtumishi mmoja.

Nanyi vijana, mkipewa pikipiki isiyo na mifuko, ulizeni mifuko iko wapi. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni kabla ya kuondoka.