Shabiki wa Arua na Timu ya Taifa

Timu ya taifa ya Uganda inaposhuka uwanjani, husemwa katika taarifa za michezo kwamba taifa zima liko nyuma ya vijana wake. Maneno hayo ni mazuri, na mtangazaji huyasema kwa nia njema. Lakini mtu aliyepata kukaa Arua siku ya mchezo, au Koboko karibu na mpaka, anafahamu kuwa jambo hilo si jepesi kiasi hicho. Wapenzi wa kandanda wa huko, vibarazani na katika vituo vya bodaboda, wana swali wanaloulizana tangu miaka kadhaa: mtu mwenye shilingi chache na siku moja ya mapumziko, azitoe kwa klabu yake au kwa timu ya taifa?

Wako wanaolijibu swali hilo kwa haraka. Taifa kwanza, husema, klabu baadaye. Jibu hilo lina ubora wake. Ila aghalabu hutolewa na watu wanaokaa mwendo wa nusu saa tu kutoka Namboole.

Uwanja wa Taifa wa Mandela uliopo Namboole, uliofunguliwa mwaka 1997, uko kando ya Kampala. Arua iko umbali wa karibu kilomita 500 kutoka hapo, na Koboko iko mbali zaidi kwa upande wa kaskazini. Msafiri huvuka Mto Nile pale Pakwach, akauvuka tena pale Karuma, na aghalabu husafiri usiku kucha. Kwa hiyo mchezo wa dakika 90 humgharimu nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, na siku mbili za kazi. Mwuza samaki wa soko la Arua hawezi kufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa tumbaku au wa muhogo hawezi hata mara moja. Wala haifai tumwite mtu huyo mzembe katika mapenzi ya nchi yake kwa sababu hakuonekana katika jukwaa la Namboole.

Wakazi wa Kampala wenyewe walipata kuionja hali hiyo. Wakati Namboole ulipofungwa kwa matengenezo na kukosa kibali cha michezo ya kimataifa, Uganda ililazimika kucheza michezo yake ya nyumbani ugenini. Mwezi Machi mwaka 2023 iliikaribisha Tanzania huko Ismailia, nchini Misri, ikafungwa bao 1-0. Mwezi Juni mwaka huohuo iliikaribisha Algeria mjini Douala, nchini Kameruni, ikafungwa mabao 2-1. Manung'uniko yalikuwa mengi, nayo yalikuwa ya haki. Timu gani ya nyumbani hiyo, watu waliuliza, isiyoonekana nyumbani? Mtu wa Arua aliyasikia malalamiko hayo akatabasamu, maana kwake yeye Ismailia na Namboole zote husikika kwa redio tu.

Hali hiyo ndiyo inayotupa maana ya klabu. Mwaka 2016 Onduparaka, klabu inayobeba jina la mahali palipo nje kidogo ya mji wa Arua, ilipanda daraja na kuingia katika Ligi Kuu ya Uganda. Mashabiki wake, wanaojiita Viwavi, waliujaza uwanja wa Green Light kwa namna ambayo viwanja vingi vya Kampala havikuwa vimeiona kwa muda mrefu. Si ushindi peke yake uliowavuta. Klabu zenye majina makubwa, Villa, Express, KCCA, ndizo zilizofunga safari sasa. Zikavuka Karuma na Pakwach, zikafika Arua zimechoka, zikakuta mji mzima unawasubiri. Waandishi wa habari nao walifika. Mkoa uliozoea kutajwa katika habari kwa ajili ya vita na wakimbizi ukaanza kutajwa kwa ajili ya mpira. Mwaka 2021 klabu ya pili ya mji huohuo, Arua Hill, ilipanda nayo, na Arua ikawa na timu mbili katika ligi kuu.

Ndugu wasikilizaji, ili kuelewa uzito wa jambo hilo yatupasa kurudi nyuma kidogo. West Nile iliingizwa katika mipaka ya Uganda mwaka 1914 tu, baada ya kupitia mikono ya Wabelgiji na utawala wa Sudan. Wakakwa wa Koboko waligawanywa na mipaka hiyo, nao hadi leo wanaishi katika nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Zipo nyumba ambazo mjomba ni raia wa nchi moja na shangazi ni raia wa nchi nyingine, na wote hukutana katika soko moja siku ya gulio.

Mwezi Machi mwaka 1978, Korongo wa Uganda walifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Accra. Waliwafunga Morocco mabao 3-0, wakawafunga Nigeria 2-1 katika nusu fainali, na mwishowe wakafungwa na wenyeji Ghana mabao 2-0. Philip Omondi, Jimmy Kirunda na wenzao walisikilizwa kwa redio kila pembe ya nchi, pamoja na Koboko, kwa Wakakwa wenzake Rais wa wakati ule. Hakuna timu ya Uganda iliyofika mbali zaidi ya hapo katika mashindano hayo. Lakini mwaka uliofuata utawala wa Amin ukaanguka, na katika miaka iliyofuatia watu wengi wa West Nile, ambao kosa lao lilikuwa kuzaliwa upande uleule wa mto na mtawala, walikimbilia Zaire na Sudan. Mtu aliyeshangilia fainali akiwa kijana nyumbani kwao Koboko huenda alikuwa mkimbizi kabla miaka mitatu haijapita. Tunapomtaka mtu kama huyo aipende timu ya taifa bila ya masharti, tukumbuke kwamba kwa muda fulani taifa lenyewe lilimkana.

Basi klabu ilipokuja, ilikuja kama njia ya kurudi mezani. Watu wa Arua hawakuichagua Onduparaka ili waikatae Uganda. Kwa kupitia Onduparaka walianza kuonekana Uganda. Ushahidi wake ni Muhammad Shaban. Kocha Milutin Sredojević, maarufu kwa jina la Micho, alipotangaza kikosi cha fainali za mwaka 2017 nchini Gabon, ambazo Uganda ilifuzu baada ya kungoja miaka 39, mshambuliaji huyo wa Onduparaka alikuwamo. Wengi wa wenzake walikuwa wanalipwa na klabu za nchi za nje. Yeye alitoka Arua. Uganda ilifungwa na Ghana 1-0, ikafungwa na Misri 1-0, ikatoka sare na Mali 1-1, ikarudi nyumbani. Kwa hesabu za mashindano hayo yalikuwa matokeo hafifu. Kwa hesabu za Arua, ulikuwa mwaka ambao timu ya taifa ilikuwa na mtu wao.

Katika mwaka huohuo wa 2017 Shaban alihamia KCCA ya Kampala, na mwaka uliofuata akaenda Raja Casablanca. Hakuna wa kumlaumu. Mchezaji ana maisha mafupi kazini na ana haki ya kutafuta riziki. Lakini hapa ndipo penye kidonda cha shabiki wa mkoani. Klabu hulea kijana, taifa humwona, na baada ya kuonwa huondoka. Klabu inayobaki huendelea kulipa mafuta ya basi la kilomita 500 kila inapokwenda kucheza Kampala, na katika ligi ambayo klabu nyingi ziko Kampala na kandokando yake, safari hizo si chache. Onduparaka ilishuka daraja mwaka 2023. Arua Hill ikashuka mwaka 2024. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika mpira wa siku hizi anayecheza kwao hutunzwa kwa makofi tu, na makofi hayanunui mafuta.

Kwa hiyo tunapoona shabiki akiweka shilingi yake ya kwanza katika klabu, tusiseme ameligeuzia taifa mgongo. Timu ya taifa haitakufa kwa kukosa kiingilio cha mtu mmoja wa Koboko. Klabu yake yaweza kufa. Mashindano ya mwezi Agosti mwaka 2025, yale ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao, yaliyofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, yalidhihirisha jambo hili. Kikosi cha Uganda kilichowafunga Guinea 3-0 na Niger 2-0 pale Namboole, kisha kikatolewa na Senegal kwa bao 1-0 katika robo fainali, kilikuwa cha vijana wa klabu za nyumbani peke yao. Klabu zikifa, kikosi hicho kitatoka wapi?

Hata hivyo, hatuwezi kuyapamba yote. Uko upenzi wa klabu ulio na sumu. Yuko shabiki ambaye, asipoona jina la mtu wa kwao katika kikosi, huiombea timu ya taifa ifungwe, na ikifungwa husema, si niliwaambia? Huyo haisaidii klabu yake wala mkoa wake. Ugonjwa huo si wa West Nile pekee. Hapa Afrika Mashariki tunawajua watani wa Simba na Yanga ambao, mmoja wao anapokabiliana na wageni katika mashindano ya Afrika, mwingine huvaa rangi za mgeni na kumpokea kwa shangwe. Tunacheka kwa sababu ni utani. Lakini utani una mpaka wake, na mpaka huo huvukwa pale mtu anapoifanyia hivyo nchi. Aidha, viongozi wa mpira hawana budi kujiuliza ni mara ngapi walimwacha mchezaji mzuri wa mkoani bila ya kwenda kumtazama, kisha wakashangaa kwamba watu wa kwao wamenuna.

Na tukizungumzia uaminifu, tusimsahau shabiki wa tatu ambaye hatajwi sana katika mabishano haya. Huyu utamkuta katika vibanda vya video vya Arua na Koboko, amelipa kiingilio chake, amevaa fulana ya Arsenal au ya Manchester United, na anayajua majeraha ya wachezaji wa London kuliko afya ya jirani yake. Wa klabu na wa taifa wanagombana, naye yuko pembeni na fedha yake inakwenda Ulaya. Sina ugomvi na mpira mzuri, uwe wa Uingereza au wa wapi. Ila nadhani Viwavi wa Onduparaka wana sababu zaidi ya kubishana na huyo kuliko kubishana na Korongo.

Huko mpakani, mapenzi ya timu ya taifa yana utamu na uchungu wake wa pekee. Mwaka 2019, mjini Cairo, Uganda iliwafunga Wakongo mabao 2-0 kwa magoli ya Patrick Kaddu na Emmanuel Okwi. Na Arua, ambako Kongo iko mwendo mfupi tu kwa pikipiki, siku iliyofuata wafanyabiashara wa nchi zote mbili walikuwa sokoni wakitaniana kwa Kiswahili na Kilugbara. Mwezi Oktoba mwaka 2024 Uganda iliwafunga Sudan Kusini mara mbili katika michezo ya kufuzu, 1-0 Namboole na 2-1 mjini Juba. Ndugu wa Kikakwa wa ng'ambo ya Oraba walikuwa na haki ya kununa. Lakini mwezi Novemba, Sudan Kusini haohao waliwafunga Kongo Brazzaville mabao 3-2, na kwa matokeo hayo Uganda ikafuzu kwenda Morocco. Mtu wa Koboko aliyeshangilia siku ile alikuwa anaishangilia nchi yake kwa bao lililofungwa na jirani. Sijui kama kuna mahali pengine katika Uganda ambapo bao hilo lilipokewa kwa furaha ya namna hiyo, ya pande mbili.

Sasa yako mambo mapya yanayokuja. Mwezi Septemba mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Kwa ajili hiyo Serikali ya Uganda iliamua, pamoja na Namboole, kujenga uwanja wa watazamaji 20,000 huko Hoima. Uamuzi huo haukufanywa kwa ajili ya watu wa West Nile, kwani Hoima ni mji wa mafuta na una sababu zake. Lakini barabara zilizojengwa kwa ajili ya mafuta hayo zimefungua njia kupitia Bulisa, na kwa mara ya kwanza kiwanja cha timu ya taifa kitakuwa mahali ambapo mtu wa Arua aweza kufika kwa mchana mmoja. Hapo swali letu la mwanzo litapimwa kwa haki, maana udhuru wa umbali utakuwa umepungua.

Linabaki suala la tiketi. Zikiuzwa Kampala peke yake, au kwa simu zenye mtandao ambao vijiji vya mpakani haviupati vizuri, basi barabara haitakuwa imemsaidia mwuza samaki wetu. Wanaohusika wana muda wa kulipanga jambo hilo, pamoja na vyama vya mpira vya mkoa na vikundi vya mashabiki wa klabu, ambavyo tayari vinajua jinsi ya kukodi mabasi na kukusanya watu. Kutoka Koboko hadi Hoima, basi litapita Arua, Pakwach na Bulisa, na Nile litauvuka mara mbili.