Mama Naye Aulizwe Hali



Kliniki tunamleta mtoto apimwe uzito, lakini mama haulizwi kama analala au analia. Nyumbani tulikotoka mzazi alitunzwa na mama yake na shangazi zake. Hapa kambini wengi wetu hatunao.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kwa kila 100 waliojifungua hupata maradhi ya nafsi, hasa sonona, yaani huzuni isiyokwisha. Hawakurogwa, wala si wavivu. Wanatibika: huko Pakistani wahudumu wa afya wa vijijini, si madaktari, waliwatembelea majumbani, na wengi walipona.

Tunaomba kila mtaa uchague akina mama wawili, mashirika yawafundishe. Nanyi akina baba, mke akinyamaza msiseme ana kiburi; mwulizeni, mpokeeni mtoto apumzike.