Vilima vya Ramallah na Mtembezi Wake

Neno la Kiarabu “sarha” lina asili yake kwa wachungaji: kuwaachia wanyama asubuhi mapema wakalishe popote watakapo. Kwa Wapalestina wa vilima vya Ramallah, neno hilo lilikuja pia kuwa na maana ya mtu kutembea bila njia maalumu wala haraka ya kurejea.

Matembezi hayo aliyasimulia Raja Shehadeh, mwanasheria aliyezaliwa Ramallah mwaka 1951, katika kitabu Palestinian Walks, kilichochapishwa mwaka 2007 na kutunukiwa Tuzo ya Orwell nchini Uingereza mwaka uliofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1970, aliweza kushuka mabondeni, kupita matuta ya mawe yaliyopandwa mizeituni, na kupumzika katika vibanda vya mawe walimolala wakulima wakati wa mavuno.

Ukingo wa Magharibi ulikuwa tayari umekaliwa na jeshi la Israel tangu vita vya Juni 1967. Lakini mandhari yake yalibadilishwa pia kwa kalamu ya sheria, na Shehadeh aliyafahamu hayo, kwani aliwatetea wenye ardhi mahakamani. Israel ilitumia sheria ya ardhi ya dola ya Othman ya mwaka 1858: ardhi isiyolimwa ikatangazwa kuwa mali ya serikali, na sehemu yake ikajengwa makazi ya walowezi. Hapo ndipo penye uchungu. Kilima cha mawe na miiba, kilichowafaa mbuzi na mtembezi tu, ndicho kilichokuwa chepesi kuchukuliwa.

Ukuta ulianza kujengwa mwaka 2002. Israel ilisema unalinda raia wake dhidi ya mashambulizi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mwaka 2004, ilitoa maoni kwamba kuujenga ndani ya ardhi inayokaliwa kunakiuka sheria. Mwezi Julai 2024 mahakama hiyo ikasema ukaliaji wenyewe ni kinyume cha sheria.

Kitabuni, Shehadeh anakutana na mlowezi kijana kando ya kijito. Wanabishana, kisha wanaketi pamoja. Kila mmoja anakipenda kilima kile kile. Tofauti ni kwamba mmoja hana budi kujiuliza, kabla ya kufunga viatu, kama leo ataruhusiwa kupita.