Uso wa Kiongozi na Akili Yake

Msikilizaji, tukimwona mgombea aliyepooza upande mmoja wa uso, wengi wetu huhukumu kwamba hata akili yake ina kasoro. Lakini mara nyingi kupooza huko kunatokana na mshipa wa fahamu wa uso, si ubongo. Jean Chrétien wa Kanada alipooza hivyo tangu utotoni. Mwaka 1993 chama tawala kilitoa tangazo la televisheni lililoonyesha uso wake na kuhoji kama anafaa uwaziri mkuu. Wananchi walikasirika, tangazo likaondolewa upesi, naye akashinda na kuongoza miaka 10. Chama kile kiliambulia viti 2 bungeni, ingawa tuseme kweli, kilikuwa na madhambi mengine pia.

Atatokea wa kusema: uso haudhuru, ila mwenye sonona asikabidhiwe dola. Hoja hiyo ina uzito, maana maamuzi ya kiongozi hugusa mamilioni. Hata hivyo, mwaka 1998 Waziri Mkuu wa Norway, Kjell Magne Bondevik, alitangaza hadharani kuwa ana sonona, akaenda likizo ya ugonjwa kwa wiki kadhaa, nchi ikashikwa na kaimu. Alirudi kazini, na mwaka 2001 akawa waziri mkuu tena. Hatari kubwa zaidi iko kwa anayeficha ugonjwa kwa kuogopa kejeli, na kejeli hizo tunazitunga sisi. Kampeni zikifika, mpime mgombea kwa kazi yake. Na jukwaani wakigeuza uso wa mtu kichekesho, usicheke.