Miguu Kuvimba Wakati wa Mimba: Jambo la Kawaida na Jambo la Hatari

Mazungumzo na akina mama wakimbizi mjini Kigali, yameandikwa hapa kwa ajili ya wakaaji wa kambi.



Ninajua mnachocheka. Mama mmoja ameniuliza mlangoni, "Wewe kijana, miguu yako ilivimba lini?" Haijavimba, na mke bado sina. Lakini nimezaliwa Kiziba, kwenye kilima kile juu ya ziwa Kivu, nikakulia katika nyumba yenye wanawake watano, na kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za afya. Swali ninaloulizwa na wenye mimba kuliko maswali mengine ni hili la miguu. Leo tutazungumza hilo tu.

Kwanza tuelewe sababu. Mwanamke akiwa na mimba, damu yake huongezeka karibu kwa nusu ya ile aliyokuwa nayo, kwa sababu anamlisha mwingine. Mimba inapokua, mji wa mimba unakuwa mzito na kuikandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni kwenda moyoni. Damu inapanda kwa taabu, maji yanavuja kidogo kidogo na kukaa chini ya ngozi. Maji hufuata mteremko, ndiyo maana yanakaa kwenye nyayo na vifundo. Asubuhi kandambili inaingia vizuri, jioni ukanda unakata ngozi. Ukibonyeza kwa kidole gumba, panabaki shimo.

Ikiwa miguu yote miwili imevimba sawa, inazidi jioni, na inapungua baada ya kulala, hilo ni jambo la kawaida katika miezi ya mwisho. Si ulozi. Wala si dalili kwamba utazaa mvulana, ingawa bibi yangu alikuwa na uhakika kabisa, na alipata nusu ya mara zote kama mtu yeyote anayebahatisha.

Sasa, ufanye nini? Miguu inataka kuinuliwa. Lala chali kidogo huku mgongo umeegemea kitu, au ulale upande, uweke miguu juu ya mto, gunia la nguo, au jerikani tupu iliyolazwa na kufunikwa kitenge, ifike usawa wa moyo. Robo saa inatosha, lakini ufanye mara kadhaa kwa siku. Usiku ulalie ubavu wa kushoto, kwa kuwa mshipa mkubwa unaorudisha damu umepita upande wa kuume wa uti wa mgongo, na ukilalia kushoto mzigo unautoka.

Kusimama mahali pamoja ndiko kunakovimbisha zaidi. Ninawaona nyinyi wa Kigali mnaouza vitu vidogo mkisimama tangu asubuhi, na kule kambini tunayo foleni ya maji na foleni ya kila kitu. Kama huwezi kukwepa kusimama, basi tembea hatua chache, inua visigino na kushusha, zungusha vifundo. Nyama za ndama ya mguu zikifanya kazi zinasukuma damu ipande. Unapopika, usichuchumae muda mrefu mbele ya mbabula, maana magoti yaliyokunjwa yanaziba njia. Tafuta kigoda. Jioni weka miguu katika beseni la maji ya baridi kidogo. Vaa viatu vilivyolegea, na usifunge kamba wala kitambaa cha kubana kwenye vifundo.

Wengine wanaacha kunywa maji wakidhani yanakwenda miguuni. Hapana. Kunywa kama kawaida. Wengine wanaacha chumvi kabisa. Hakuna haja, kula chakula chako na chumvi ya kawaida. Na tafadhali, usinunue vidonge vya kukojoza kwa mtu yeyote, wala usinywe dawa ya majani ya kukausha maji mwilini. Mwili unaihitaji damu ile iliyoongezeka.

Akina baba, hapa ninawageukia. Jerikani ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na kilima chetu mnakijua. Mwanamume anayechota maji katika miezi mitatu ya mwisho hajapungukiwa na heshima. Wakimcheka, wacha wacheke.

Hayo ndiyo ya kawaida. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili linalofuata nimejifunza kwa aibu.

Dada yangu mkubwa alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minane kasoro. Mimi nilikuwa nimemaliza mafunzo ya uhamasishaji mwezi mmoja kabla, najiona daktari. Akaniambia miguu imevimba. Nikamjibu vile nilivyofundishwa: inua, pumzika, ni kawaida. Sikumtazama usoni. Kama ningemtazama, ningeona kope zake zimejaa tangu asubuhi. Sikumwuliza kwa nini ameivua pete yake ya ndoa. Ilikuwa imembana hadi akaitoa kwa sabuni. Siku ya pili akasema kichwa kinamwuma sana, mama akampa kidonge cha maumivu. Siku ya tatu akasema anaona vitu kama nyota mbele ya macho. Usiku ule akashikwa na degedege mbele yetu. Tulidhani anakufa.

Alipelekwa hospitali, kisha akahamishiwa Kigali. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Dada hajawahi kunilaumu, na hilo ni zito kuliko lawama.

Ugonjwa ule unaitwa kifafa cha mimba. Unaanza na presha ya damu kupanda baada ya wiki ya 20 ya mimba, mara nyingi na protini kuonekana kwenye mkojo. Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma: mishipa yake haikushika vizuri tangu mwanzo, na baadaye mwili wote wa mama unadhurika, ini, figo, ubongo. Hautokani na mashetani wala na ugomvi wa nyumbani. Mwenye mimba ya kwanza yumo hatarini zaidi, vilevile mwenye mapacha, mwenye presha ya zamani, kisukari au ugonjwa wa figo, na aliyewahi kuugua hivyo katika mimba iliyopita.

Kwa hiyo usitazame miguu peke yake. Tazama uso na mikono. Ukiamka asubuhi na uso umevimba, au vidole vimejaa ghafla, au miguu imevimba kwa siku moja mbili kwa namna ambayo haijawahi, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Kichwa kinachouma sana na hakiachi, macho kuona ukungu au nyota, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, kutapika kulikoanza upya katika miezi ya mwisho, kupumua kwa shida: usingoje kesho, hata kama ni usiku. Na mtoto akipunguza kucheza, usingoje.

Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukauma na kuwa wa moto, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Hiyo nayo ni safari ya leo. Na usiukande mguu huo. Ukivimba huku viganja na ndani ya kope ni vyeupe na unachoka kwa hatua chache, damu inaweza kuwa imepungua. Hapo kuna vidonge vya madini ya chuma ambavyo wengi mnaviweka chini ya mkeka kwa sababu vinaleta kichefuchefu. Vimeze baada ya kula.

Kuna jambo moja wengi hawalijui. Presha inaweza kuwa juu sana na miguu isivimbe hata kidogo. Ndiyo maana kipimo cha mkono na kipimo cha mkojo haviwezi kubadilishwa na jicho la jirani, wala jicho langu. Ikifika 140 juu au 90 chini, muuguzi lazima akufuatilie. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonane na wahudumu angalau mara nane katika mimba moja. Ukifika kiliniki na hawakukupima presha, uliza kwa adabu: "Samahani, presha yangu ni ngapi?" Kuuliza ni haki yako.

Dawa zipo. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33: sindano ya magnesiamu salfeti ilipunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Lakini hutolewa kituoni, haitolewi mkekani. Tiba ya kumaliza ugonjwa wenyewe ni kuzaa, na daktari ndiye anayepima wakati.

Mtu akishikwa na degedege nyumbani, mlaze ubavu wa kushoto, ondoa mawe na mbabula karibu yake. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, usimshike kwa nguvu. Mmoja akimbie kituo cha afya cha kambi. Hapa Kigali na kwingine Rwanda, piga 912, namba ya ambulansi. Simu hiyo hailipiwi.

Na usidhani ukishazaa yamekwisha. Kifafa cha mimba kinaweza kuja baada ya kuzaa, zaidi katika siku za kwanza, na tunahesabu hadi wiki sita. Miguu inaweza kuvimba siku kadhaa baada ya kuzaa kisha ikashuka yenyewe, lakini kichwa na macho vina sheria ile ile.

Dada yangu ana mimba tena, ya miezi mitano. Safari hii alikwenda kiliniki mapema akaeleza yaliyompata, na daktari akamwandikia aspirini ya dozi ndogo kila siku tangu mwezi wa tatu. Usijinunulie mwenyewe, anayepaswa kupewa anachaguliwa huko. Anakula sambaza na ndagala pamoja na mifupa yao, kwa ajili ya kalisiamu. Jioni vifundo vyake vinavimba, naye ananionyesha uso kabla sijauliza. Atapimwa tena Jumanne. Zamu ya maji ni yangu.