Maneno ya Mwenyekiti: Hodi Kwanza, Faini Baadaye



Leo tunatimiza miaka kumi. Habari za hisa na mikopo atazisema mweka hazina, sisi huko hatuendi. Tunataka kusema jambo ambalo halimo kwenye katiba yetu, nalo ni upweke.

Hapa Picha ya Ndege wenyeji ni Wazaramo na Wakwere. Wengi wetu tumekuja kwa kununua viwanja. Tumetoka Dar es Salaam kwenye nyumba za kupanga, mnapika uani watu sita, chumvi unaomba kwa jirani. Huku tukajenga, tukaweka geti. Baba anadamka alfajiri kuiwahi barabara ya Morogoro, anarudi usiku. Watoto wamekua. Mama unabaki na kuku. Na ukishapita miaka arobaini shoga utampataje? Ukienda kwa mtu bila shida atasema umekuja kukopa.

Basi tukaona heri tuanze na hiyo hiyo mikopo. Tulikuwa wanawake 18, si marafiki. Tunahesabu hela, tunafunga sanduku kufuli tatu, kila mtu kwake.

Mwaka wa tatu mwenzetu mmoja hakufika vikao vitatu. Tukaandika faini juu ya faini. Kumbe mumewe yuko kitandani, anamgeuza peke yake, na nyumba ni ya tatu kutoka tunapokutania! Alipokuja alilipa yote, hakulalamika, akaomba kutoa hisa zake ajitoe. Tuliona haya kweli kweli. Jioni tukamfuata, tukakuta hata maji ndani hamna.

Tuliuguza naye mpaka marehemu alipotutoka, na matanga tulilala kwake. Marehemu alikuwa Mzaramo, na wanachama wetu Wanyamwezi, watani hao, walifanya vituko mpaka mjane akacheka. Faini tulimrudishia, akakataa, akasema ziingie mfuko wa jamii.

Tangu hapo asiyefika, wawili wanakwenda kupiga hodi kwanza. Hatusemi sote tumekuwa mashoga. Wapo wasiosalimiana mpaka leo, wenyewe wanajijua, lakini zamu ya kupiga hodi wanakwenda.

Yule mama sasa ndiye mshika ufunguo wa pili. Hataki tumtaje, ila pilau ya leo kapika yeye. Karibuni sana.