Risasi ya Owino Uhuru

Twende Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hata hivyo, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu, na madini ya risasi yakaingia katika damu ya watoto.

Ni kweli, msikilizaji, viwanda huleta ajira, na masharti makali hupandisha gharama. Lakini risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayafutiki.

Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Swali linabaki: nani atapima moshi kabla mtoto hajaugua?